Neno la Mzazi

Wakio alinipigia simu asubuhi nikiwa kazini, mikono imejaa pamba na plasta, kwa hivyo mwenzangu wa zamu ndiye aliyenishikia simu sikioni. Alisema mama yake amefariki usingizini, nyumbani kwao Wundanyi. Sauti yake ilikuwa imetulia, kama ya mtu ambaye ameshawapa wengi habari ile ile. Nilisema pole, nikairudia. Akaniambia mazishi ni Jumamosi, wajomba wameshapanga nani atasema na baada ya nani, na neno la mwisho wameniachia mimi. Mwenzangu alinitazama kwa mshangao, maana anajua mimi ni Mkamba, mama yangu yu hai na ana sauti ya kusikika soko zima, na huko Utaitani sina hata binamu. Sikuwa na nguvu za kumweleza. Nilimwambia tu kwamba mama yangu mmoja amekufa, nikaenda kukaa kwenye benchi la wagonjwa.

Alikuwa mama yangu kwa siku moja, mjini Doha, mwaka niliomaliza chuo. Ulikuwa mwanzoni mwa miaka ya elfu mbili na kumi, na nilikuwa nasomea uuguzi katika chuo cha kigeni kilichofungua tawi lake huko jangwani. Nikiulizwa leo niliishije, jambo la kwanza linalonijia ni dirisha. Mimi na Hiba, Msudani aliyezaliwa papo hapo Doha, tulikaa chumba kimoja chenye dirisha refu kutoka sakafuni hadi karibu na dari, na halikuwa na komeo wala bawaba. Kioo kilikuwa kimebanwa ukutani ili baridi ya kiyoyozi isitoke. Ungeweza kuona maegesho ya magari, mitende midogo iliyofungwa kamba isianguke, na vumbi la rangi ya chai ya maziwa, lakini upepo wenyewe hukuujua. Kutoka hosteli ulipita mezani kwa bibi mmoja mwenye miwani, ukamwambia unakwenda wapi na utarudi lini. Basi la chuo lilitupeleka supamaketi na kuturudisha. Hakuna aliyetutesa, na hilo ndilo lililonitia wazimu, kwa sababu ningemlalamikia nani? Tulikula wali na kuku, tulikula dengu, tulipewa matandiko safi. Tulikuwa kama kuku wa kisasa, tunawashiwa taa na kulishwa kwa wakati, na hatujawahi kuchakura udongo.

Nyumbani nilikuwa nikipiga simu na kusema niko sawa. Ukisema hauko sawa Doha, watu wa nyumbani wanakuona mwenye kudeka. Kwa hivyo nilinyamaza, na kadiri mwaka ulivyokwenda ndivyo nilivyozidi kujua jambo moja ambalo sikuthubutu kulitamka: nilitaka kurudi nyumbani, nikafanye kazi mahali ambapo dirisha la wodi linafunguliwa kwa mkono. Hospitali tuliyofanyia mafunzo ilikuwa imetangaza kwamba itatuchukua wote tutakaofaulu. Mkataba ulikuwa wa miaka kadhaa, na siku zile ukishaandikwa na kafili, yaani huyo mwajiri anayekudhamini, huwezi kutoka nchini bila ruhusa yake. Ruhusa hiyo tuliiita khuruji. Sisi wanafunzi ofisi ya chuo ilituombea kila likizo na tukaondoka. Lakini nilikuwa nimewaona wanaofanya kazi, watu wazima wenye wajukuu, wakisubiri khuruji kama mtoto anayesubiri kuruhusiwa kwenda msalani.

Muhula wa mwisho ofisi ya habari ya chuo ilitutaka sisi wahitimu tukae mbele ya kamera, mmoja mmoja, tueleze chuo kimetupa nini. Filamu hiyo ingeonyeshwa siku ya mahafali. Hiba alitangulia, akasema chuo kimempa ujasiri na marafiki wa dunia nzima, na akatoka akicheka kwa sababu mwaka mzima marafiki wake wa dunia nzima walikuwa mimi peke yangu. Nilipoingia, kijana wa kamera akaniuliza nitakumbuka nini zaidi. Nikasema dirisha la chumba changu, ambalo halifunguki. Akasubiri niendelee, nami nikaona nimemaliza. Kwa upole kabisa akaniomba nirudie, niseme kitu kuhusu siku za mbele. Mara ya pili nikasema sijui. Mara ya tatu nikasema walichosema wote, kwamba chuo kimenijenga na ninangoja kwa hamu kuitumikia Doha kama muuguzi. Akanyoosha kidole gumba juu. Nilitoka mle chumbani nikihisi nimetia sahihi.

Ijumaa, ambayo huko ndiyo siku ya mapumziko, baada ya kanisa nilikuwa nakwenda mtaa wa Najma, kwenye nyumba ya vyumba viwili waliyopanga Wakenya kadhaa, akina dada upande mmoja na pazia katikati. Hapo ndipo nilipopumua kidogo. Kulikuwa na chapati zinageuzwa, maharagwe yanatokota, viatu vimerundikana mlangoni, na redio ya simu inacheza nyimbo za injili. Mwenye kauli pale alikuwa Bwana Barasa, mtu wa Bungoma, msimamizi wa walinzi katika jengo moja la ofisi. Wakenya hatuwezi kukaa ugenini bila kuunda kamati, na Barasa alizaliwa kuwa mwenyekiti. Hata kuomba chumvi aliomba kwa utaratibu. Katibu wake alikuwa Achieng', mpokeaji wageni hotelini, msichana wa Nairobi mwenye mdomo mwepesi na moyo mkubwa. Mwaka ule kamati ilikuwa ya mahafali yangu. Walipanga chakula, walipanga keki, walipanga yale mashada ya karatasi za kung'aa ambayo kwetu mhitimu huvikwa shingoni mpaka uso unafichika. Na waliongea juu ya kazi yangu ya hospitali kana kwamba nimeshaianza.

Siku moja nikachokoza, nikasema huenda nikarudi nyumbani kwanza. Wote walicheka. Achieng' hakucheka sana. "Wee Nduku, usituchezee," alisema, huku akinisogezea sahani. "Wewe ndio msee wetu wa kwanza kuingia pale ndani na vyeti. Sisi tuko mlangoni tu, tunafungulia watu. Ukiingia, utatuvuta mmoja mmoja. Hiyo job si yako peke yako." Alisema kweli, na alisema kwa mapenzi, na zile chapati zilikuwa za moto mkononi mwangu. Bibi wa mezani hosteli ningeweza kumnunia. Hawa ningewanunia vipi? Nilikula nikanyamaza, na kamati ikaendelea na ajenda iliyofuata, nami nikaanza kuhesabika kuwa nimekubali.

Ajenda yenyewe ilikuwa ya mzazi. Anayejua sherehe zetu za kuhitimu anajua kwamba mzazi ndiye husema mwisho. Watasema walimu, watasema marafiki, atasema mwenyekiti, lakini mzazi akishasimama na kusema neno lake, kinachobaki ni maombi na chakula. Hakuna anayeinua mkono tena. Wazazi wangu wasingeweza kuja, kwa hivyo Barasa akaona ni aibu nihitimu kama yatima, akapendekeza Mama Wakio anisimamie. Mama Wakio alikuwa Mtaita wa makamo, yaya katika nyumba moja kule Al Wakrah, mji wa pwani jirani na Doha, na tulimwona mara chache sana, Ijumaa ambazo mwajiri wake alimruhusu. Wote waliafiki. Achieng' akaniambia jambo kama hilo haliombwi kwa simu. Wakanifungia sukari, majani ya chai na mkate, kama ilivyo ada ya kwenda kumwomba mtu mzima, wakanipandisha basi la Al Wakrah.

Nilimkuta jikoni, jiko la nje lililojitenga na nyumba kubwa, akikaanga kaimati, yale madonge madogo ya unga yanayotiwa shira ya sukari. Mtoto wa nyumba ile alikuwa amemshika upindo wa dera akila moja moja. Mama Wakio alipouona mfuko wangu alicheka mpaka akafuta machozi kwa kiwiko, maana nilikuwa nimeipelekea sukari nyumba yenye friji nne. Alinieleza kwamba bibi mwenye nyumba huwasimulia wageni jinsi alivyomfundisha yaya wake Mwafrika kupika kaimati. "Nimezikaanga Voi kituo cha magari kabla yeye hajaolewa," alisema. "Lakini namwacha. Anafurahi." Nikamwomba anisimamie. Aliacha kupika, akanawa mikono, akanishika viganja viwili, akasema amekubali. Ndipo nikaona macho yake yamebadilika. Aliniambia bintiye Wakio yuko chuo cha ualimu, atamaliza mwisho wa mwaka, na kwamba amekwisha kuomba khuruji mara nyingi. Kwanza alijibiwa asubiri mtoto aache kunyonya, kisha asubiri aanze shule, sasa ameambiwa baada ya likizo yao ya kiangazi. Hakulalamika. Alisema vile ambavyo mtu anaeleza njia.

Jiko lile lilikuwa na dirisha dogo la mbao juu ya karo, na lilikuwa wazi. Upepo wa bahari uliingia na harufu ya chumvi na mafuta ya taa. Sikujua kwamba nilikuwa nimesimama hapo muda wote, nimeegemeza paji la uso kwenye fremu, mpaka aliponiambia kiti kipo. Nikakaa. Akaniuliza kama nimefurahia kazi ya hospitali. Nikasema ndiyo. Akaniuliza tena, sauti ya chini, "Unataka kubaki?" Nikamwambia nikisema sitaki wataniuliza kama nimerukwa na akili. Alinitazama, akachukua sahani, akanipakulia kaimati na kunimiminia shira. "Kula, mwanangu," alisema, na hakurudi tena kwenye maneno yale.

Siku ya mahafali aliruhusiwa kutoka asubuhi mpaka adhuhuri, na dereva wa nyumba ile alitakiwa amngojee na amrudishe mwenyewe. Alikuja na gauni la zambarau na kilemba kilichosimama. Ukumbi ulikuwa baridi kama jokofu. Tulikaa kwa mistari, majoho yametukaa vibaya, na filamu ikaanza. Nyuso za wenzangu zilipita kwenye skrini kubwa kuliko nyumba, kila mmoja akishukuru. Kisha nikatokea mimi. Nilijisikia nikisema ninangoja kwa hamu kuitumikia Doha, na upande wa wageni nikasikia kamati nzima ikipiga makofi, Barasa akipiga kwa mapigo ya harambee. Nilijua hapo kwamba mlango umefungwa na nimeufunga kwa mdomo wangu. Jina langu liliposomwa, Mama Wakio alipiga vigelegele. Ukumbi ule ulikuwa na adabu mno, watu wamevaa kanzu nyeupe zilizopigwa pasi, na sauti yake ilipasua kimya kile mpaka mkuu wa chuo akainua kichwa. Nikaona aibu kwa niaba yake. Lakini kabla hajavuta pumzi, shangazi zake Hiba wakaitikia kwa vigelegele vyao, na akina mama wa Kiarabu safu ya mbele wakafuata, na kwa muda mfupi hakukuwa na mgeni mle ndani. Nilipita jukwaani nikilia, na picha yangu ya siku ile inaonyesha meno na machozi.

Najma walikuwa wameondoa vitanda ili watu wakae. Mashada ya kung'aa yalinifika puani. Dereva alikuwa ameegesha chini, na kila baada ya muda alipiga honi fupi. Barasa, mtu wa utaratibu, alikuwa ameona tatizo hilo mapema. "Mama, dereva wako anangoja," alisema. "Tumeonelea wewe uanze, sisi tutaendelea." Nilijua angefuata nani: Barasa mwenyewe, atangaze kazi yangu, watu wapige makofi, na iwe imekwisha. Mama Wakio alikuwa anamenya chungwa. Hakuinua macho. "Mwenyekiti, mzazi haanzi," alisema. Barasa akajaribu kueleza. Honi ikalia. Mama Wakio akaniwekea kipande cha chungwa mkononi, akasema atangoja zamu yake.

Basi wakasema. Achieng' alisema, akanitania kwa vile nilivyokuwa naogopa lifti nilipofika, akalia katikati na kuomba maji. Barasa alisema kwa mapana, akanishukuru kwa niaba ya watu ambao bado hawajafika Doha, akatangaza kwamba wiki ijayo nakwenda kutia sahihi mkataba. Watu walishangilia. Honi ililia ndefu, ya hasira sasa. Nilikuwa nikiomba Mama Wakio ashuke tu aende, asije akaadhibiwa kwa ajili yangu, na papo hapo nikiomba asiende. Alisimama pole pole, akaweka kilemba sawa.

Alishukuru kamati, na hakuharakisha shukrani. Alisema wao ndio walionilea, yeye amepewa heshima ambayo hakuitolea jasho. Kisha akanigeukia. "Nilikuona kwenye ile skrini," alisema. "Uliposema unabaki, ulimeza mate. Nimelea watoto wangu, nimelea wa watu. Mtoto akimeza mate kabla ya kusema, hilo neno amelishwa." Achieng' aliinamisha kichwa. Mama Wakio akawatazama wote, hakumpita mtu. "Nduku anarudi nyumbani. Mimi mama yake nimempa ruhusa. Tuombe."

Barasa alifungua mdomo. Nilimwona akiufungua na nikamwona akikumbuka utaratibu wake mwenyewe. Mzazi amesema. Aliufunga, akavua kofia, akafumba macho, na kwa kweli aliomba vizuri, akaniombea safari njema bila kigugumizi. Achieng' hakunisemesha siku nzima. Siku niliyoondoka alinisindikiza mpaka uwanja wa ndege, akaniambia bado ana hasira, na asingefurahi nikisahau kumwandikia.

Nilimsindikiza Mama Wakio ngazini. Dereva alikuwa amekwisha kuwasha gari na uso wake ulikuwa wa mtu anayejua atasemwa na mkubwa wake. Nikamuuliza Mama Wakio, wewe je, nikakatiza, kwa sababu jibu nililijua. Alivuta mlango wa gari lakini hakuufunga. "Nimekusemea," aliniambia. "Sasa nenda kanisemee. Mwisho wa mwaka Wakio anamaliza, mimi sitakuwepo. Wajomba zake wameshamtafutia wakala, wanataka aje huku anipokee kazi, ati mimi nimezeeka. Wanasema siku ya sherehe ndiyo watatangaza." Akafunga mlango, akashusha kioo. "Usianze wewe. Wangoje wamalize."

Kwa hivyo mwezi wa Desemba nilipanda Wundanyi, baridi ya milima ile ikanishangaza, na nikakuta turubai, sufuria na jamaa ambao hawakunijua. Nilijieleza kwa mjomba mkubwa kwamba nimetumwa na Mama Wakio nisimame mahali pake. Alinitazama juu mpaka chini, kasichana kenye umri sawa na bintiye, akaniuliza kama mimi ndiye nitakuwa mzazi wa Wakio. Watu walicheka, na mimi pia, maana ilichekesha. Wakio mwenyewe hakucheka. Tulikuwa tumeonana mara ya kwanza jana yake, tukalala kitanda kimoja, tukapiga gumzo, na akaniuliza maswali juu ya mama yake ambayo mtoto hapaswi kumuuliza mgeni: siku hizi anavaa nini, nywele zimeota mvi, anacheka? Nilimsimulia habari za kaimati. Alicheka, kisha akageukia ukutani.

Wajomba walisema. Mjomba mkubwa alitangaza kwamba familia imeamua Wakio aende Uarabuni, na kuna mtu ameshashughulikia. Watu wakapiga makofi, yale makofi niliyoyajua. Nilimtazama Wakio, naye akameza mate. Nikasimama. Nikasema jinsi nilivyoweza, kwamba mama yake yuko jikoni mwa watu wakati huu na ametamani kuwa hapa, na kwamba ametuma neno. "Wakio atafundisha hapa hapa, ndivyo anavyotaka. Mama yake amempa ruhusa. Tuombe." Nilidhani nitafukuzwa. Kisha bibi mmoja kizee akasema amina kabla hatujaanza kuomba, na mjomba mkubwa, kwa shingo upande, akavua kofia.

Mama Wakio alirudi miaka mingi baadaye, mtoto aliyemlea alipokuwa kijana wa sekondari na hahitaji yaya. Nilimtembelea mara nyingi. Wakio, ambaye sasa ni mwalimu mkuu, alikuwa akinilalamikia kwamba mama yake analala mlango wazi, mbu wanaingia, paka wa jirani anaingia, na haambiliki. Mama Wakio alinikonyeza. Hatukuwahi kuzungumzia siku ile ya Najma. Nilidhani ipo nafasi.

Jumamosi nitapanda Wundanyi tena. Wakio ameniambia ni yule mjomba mkubwa, sasa anatembea na mkongojo, aliyesema neno la mwisho ni la binti wa Doha na wasijadiliane. Watakuwepo wasemaji wengi, maana alipendwa, na nitawangoja wote wamalize. Nikisimama nitasema kwamba sisi watoto wake tumempa ruhusa. Kisha nitasema tuombe.